Mkubwa Anapokutaka Usaini: Mwongozo Kamili wa Kukabiliana na Uongozi Usio Mwadilifu katika Taasisi ya Fedha

Ombi lenyewe huja kwa upole. Mara nyingi ni jioni ya mwisho wa mwezi au wa robo mwaka, hesabu zinafungwa, na mkurugenzi ambaye kwa kawaida hata salamu zako hupokea kwa kutikisa kichwa anakupigia simu mwenyewe ili umalizie jambo dogo: uidhinishe mkopo ambao nyaraka zake zinakuja kesho, uandike tarehe ya wiki iliyopita kwenye fomu ya leo, au uhamishe kiasi fulani kutoka leja moja hadi nyingine kwa maelezo ya maneno mawili. Hakuna anayekuomba uibe. Unaombwa mkono wako tu, kwa sababu taasisi ya fedha imepangwa hivi kwamba mkubwa hawezi kuingiza muamala, kuuidhinisha na kuuhakiki peke yake. Lazima kuwe na watu wawili au watatu, na kila mmoja wao huacha jina lake kwenye mfumo.

Mwongozo huu unaanzia hapo, kwenye sahihi. Watu wengi wanaogundua uovu wa wakubwa wao hukimbilia swali la nani aambiwe, ilhali swali linalotangulia ni jina lao limeandikwa wapi na kwa tarehe gani. Anayelijibu hilo mapema huwa na nafasi ya kuchagua; anayechelewa hujikuta akijitetea badala ya kutoa taarifa.

Hatua ya kwanza: Jua ulichokiona

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, tenga mambo manne ambayo hasira huyachanganya. Kuna mkubwa mkali au dhalimu kwa walio chini yake; kuna uamuzi mbaya wa biashara uliofikiwa kwa njia halali; kuna ukiukaji wa sera ya ndani; na kuna uvunjaji wa sheria, kama vile kughushi, kupotosha hesabu, rushwa, kutumia taarifa za siri kununua hisa, au kusaidia utakatishaji wa fedha haramu. La kwanza hupelekwa kwa idara ya rasilimali watu, la pili hujadiliwa katika kikao kinachohusika na uamuzi wenyewe, na mawili ya mwisho ndiyo yanayohusika hapa. Taarifa inayochanganya yote manne humpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu lile jepesi na kulinyamazia zito.

Niliwahi kufanya kazi ya uhakiki wa mikopo, na huko ndiko nilikojifunza jinsi uovu unavyoweza kuonekana nadhifu. Kampuni moja ilikuwa na mkopo uliofikisha siku 88 bila marejesho. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 9, humchukulia mkopaji aliyechelewa siku 90 kuwa ameshindwa kulipa, isipokuwa taasisi iwe na ushahidi wa kutosha wa kuonyesha vinginevyo, na mkopo ukivuka mstari huo tengo la hasara, yaani fedha ambazo benki hutenga kufidia mikopo isiyolipwa, hupanda na faida hushuka. Siku ya 88, kampuni nyingine yenye wakurugenzi walewale ilipewa mkopo mpya; siku ya 89 fedha hizo ziliingia kwenye mkopo wa kwanza zikiitwa marejesho. Kila akaunti ukiitazama peke yake huoni doa. Nilipoweka taarifa za akaunti zote mbili ubavu kwa ubavu mezani, kiasi kililingana hadi senti.

Nilichokuwa nacho wakati huo kilikuwa ulinganifu wa tarakimu na wala hakikuwa wizi uliothibitishwa, na tofauti hiyo ni kubwa. Kupanga upya mkopo ni jambo halali linalofanyika kila siku: kamati ya mikopo hukaa, kumbukumbu za kikao huandikwa, na mkopo hutiwa alama ya kuwa umepangwa upya ili mkaguzi na mdhibiti waone. Kwa hiyo nilipaswa kwanza kutafuta kumbukumbu hizo mahali ambapo nilikuwa na ruhusa ya kutafuta. Maelezo yasiyo na hatia yakiwepo, ni heri uyapate wewe kabla hajayatoa mwingine mbele ya kikao.

Ukishatafuta, andika ulichokiona katika sentensi moja ambayo mgeni anaweza kuihakiki kwa nusu saa: siku fulani, mkopo wenye namba fulani ulilipwa kwa fedha za mkopo wenye namba fulani, ulioidhinishwa na fulani bila kumbukumbu ya kikao cha kamati. Sentensi ya namna hiyo haina tusi wala dhana. Ikiwa huwezi kuiandika bila kutumia neno "nahisi", bado hujafika hatua ya pili, na hakuna aibu yoyote kusubiri.

Hatua ya pili: Kataa kwa maandishi, na ukatae jambo mahususi

Hapa ndipo watu wengi huanguka, na huanguka wakiwa waaminifu. Katika kashfa ya kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani, iliyolipuka mwaka 2002, wahasibu wa ngazi ya kati waliombwa mwaka 2000 kuingiza maandishi ya mamilioni ya dola yaliyopunguza gharama kwenye vitabu. Walipinga, wakafikiria kujiuzulu, kisha wakatulizwa na mkuu wa fedha aliyewaambia kwamba yeye ndiye atakayewajibika. Mmoja wa wahasibu hao, aliyekuwa akitekeleza maagizo na ambaye hakuwa amebuni mpango wowote, alihukumiwa mwaka 2005 kifungo cha miezi mitano jela na miezi mitano mingine ya kizuizini nyumbani. Maneno "nitawajibika mimi" hayahamishi chochote. Mahakama husoma jina lililo kwenye mfumo.

Kukataa hakuhitaji hotuba. Kunahitaji barua pepe fupi, iliyotumwa siku hiyohiyo, ambayo mtu yeyote akiisoma miaka mitatu baadaye ataelewa uliombwa nini na ulijibu nini. Mfano wake ni huu:

"Mkuu, nimepokea maelekezo yako ya simu ya leo saa kumi na moja jioni kuhusu kuidhinisha mkopo huu. Katika jalada sijaona ripoti ya tathmini ya dhamana wala kumbukumbu ya kikao cha kamati ya mikopo, na kwa utaratibu wetu siwezi kuidhinisha bila nyaraka hizo. Zikinifikia leo nitalikamilisha mara moja. Iwapo kuna ruhusa maalumu iliyotolewa ya kuruka hatua hiyo, naomba nakala yake niiweke kwenye jalada."

Sentensi ya kwanza inageuza simu kuwa maandishi. Ya pili inataja kinachokosekana bila kumtuhumu mtu. Ya tatu inaonyesha kwamba hukatai kazi. Ya nne ndiyo yenye makali, maana mkubwa mwenye nia safi ataleta ruhusa hiyo au ataeleza kwa nini haipo, na mwenye nia nyingine atakuja mezani kwako akitabasamu kukuuliza kwa nini unaandikaandika. Akija hivyo, msikilize kwa heshima, umjibu kwamba umezoea kuweka mambo kwenye jalada ili usisahau, kisha akiondoka utume ujumbe wa pili unaosema mmezungumza na msimamo wako ni uleule.

Kuna mitego mitatu midogo. Wa kwanza ni kuombwa nywila yako "kwa dakika mbili". Usiitoe hata kwa rafiki, kwa sababu kila kitakachofanyika ndani ya dakika hizo kimefanywa na wewe. Wa pili ni kusaini kwa sharti ulilolisema mdomoni tu. Wa tatu ni kuona kazi uliyoikataa ikipewa kijana mgeni aliyeanza juzi, naye akaifanya. Hilo la tatu linaumiza, na ushauri wangu ni kumwambia kijana huyo ukweli mmoja tu: kwamba wewe hukusaini kwa kuwa nyaraka hazikuwepo. Usimsimulie mengine, usije ukamfanya shahidi wa mambo asiyoyaona.

Hatua ya tatu: Tunza kumbukumbu bila kuwa mwizi wa nyaraka

Nunua daftari la kawaida lenye kurasa zilizoshonwa, usiache nafasi kati ya siku na siku, na ulitunze nyumbani. Kompyuta ya ofisi na barua pepe ya ofisi ni mali ya taasisi, na mtu unayemwandika huenda ndiye anayeweza kuagiza zisomwe. Andika siku ileile jambo lilipotokea, kwa maneno yaliyosemwa kadiri unavyoyakumbuka, na ujumuishe ulichofanya wewe hata pale ambapo hakikupendezi. Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi: "Alhamisi, saa 11:20 jioni. Mkurugenzi wa mikopo alinipigia simu ya mezani. Alisema, 'Pitisha leo, karatasi zitafuata.' Nikajibu nitaangalia jalada. Saa 11:45 nimetuma barua pepe ya kukataa. Saa 12:10 amekuja mezani. Mwenzangu wa dawati la pili alikuwepo. Hakunijibu kwa maandishi." Hakuna kivumishi hata kimoja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wakili wa upande wa pili hushindana na vivumishi. Saa na maneno yaliyonukuliwa humtaabisha zaidi.

Nyaraka ni suala jingine, nami nashauri tahadhari kuliko wengi wanavyoshauri. Sheria za usiri wa benki na za ulinzi wa taarifa binafsi hazikuhurumii kwa sababu nia yako ilikuwa njema. Hervé Falciani, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika tawi la benki ya HSBC mjini Geneva, alitoka na taarifa za maelfu ya wateja ambazo baadaye zilizisaidia serikali kadhaa kuwafuatilia wakwepaji kodi, lakini mwaka 2015 mahakama ya Uswisi ilimhukumu, bila yeye kuwepo, kifungo cha miaka mitano kwa ujasusi wa kiuchumi. Kujua hati iko wapi kunatosha katika hali nyingi. Andika namba ya jalada, namba ya muamala, tarehe na jina la folda, kwa kuwa mchunguzi mwenye mamlaka atavifikia mwenyewe. Usijitumie faili za wateja kwenye barua pepe yako binafsi, usifungue mafaili ambayo kazi yako haikuruhusu kuyafungua, wala usirekodi mazungumzo kwa siri kabla wakili hajakuambia kama sheria ya nchi yako inaruhusu.

Tena, ushahidi bora wakati mwingine uko hadharani. Howard Wilkinson, aliyekuwa mkuu wa biashara ya masoko ya fedha katika tawi la Estonia la benki ya Danske ya Denmark, alilinganisha vitabu vya tawi na rejista ya makampuni ya Uingereza, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kampuni moja iliyokuwa mteja wa tawi ilikuwa imewasilisha kwa msajili hesabu zinazoonyesha kwamba haifanyi shughuli yoyote, ilhali akaunti yake tawini ilikuwa na fedha na miamala mikubwa. Mwezi Desemba 2013 alituma taarifa makao makuu. Uchunguzi ambao benki yenyewe iliuchapisha mwaka 2018 ulieleza kwamba kiasi cha euro bilioni 200 zilipita kwenye akaunti za wateja wa tawi hilo ambao si wakazi wa Estonia kati ya 2007 na 2015, na Desemba 2022 benki ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani.

Hatua ya nne: Wakili wako, na ukweli kuhusu mkono wako

Tafuta wakili wa masuala ya kazi kabla ya kutoa taarifa, hata kama ni kwa kikao kimoja tu. Mwanasheria wa kampuni, hata akiwa mtu mwema unayekunywa naye chai, anaitumikia kampuni. Muulize wakili wako mambo matatu: sheria gani inakulinda, inakulinda ukizungumza na nani, na muda wa kulalamika ukiadhibiwa ni upi. Muda huo huwa mfupi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya sheria ya Marekani ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, kwa mfano, aliyeadhibiwa ana siku 180 tu.

Ikiwa uliwahi kusaini kabla hujaelewa, sema hivyo kwa wakili siku ya kwanza. Bradley Birkenfeld, aliyefichua jinsi benki ya UBS ya Uswisi ilivyowasaidia Wamarekani kuficha mali zao, alishtakiwa na kufungwa, na waendesha mashtaka walisema ni kwa kuwa hakueleza kikamilifu nafasi yake mwenyewe. Hukumu yake ya mwaka 2009 ilikuwa miezi 40. Mwaka 2012 mamlaka ya kodi ya Marekani ilimlipa zawadi ya dola milioni 104 kwa taarifa zilezile.

Hatua ya tano: Chagua mlango ambao mtuhumiwa hana ufunguo wake

Chora kwenye karatasi nani anamripoti nani. Fanya hivyo kweli, kwa kalamu, kwa kuwa michoro ya idara iliyobandikwa ukutani husema jambo moja na uhalisia husema jingine. Afisa wa uzingatiaji wa sheria akiwa anamripoti mkurugenzi mtendaji, na mtuhumiwa ni mkurugenzi mtendaji, basi mlango huo umefungwa. Katika taasisi nyingi za fedha mkaguzi mkuu wa ndani huripoti moja kwa moja kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na mlango huo aghalabu ndio bora wa ndani. Cynthia Cooper, aliyekuwa mkuu wa ukaguzi wa ndani wa WorldCom, alipoombwa na mkuu wa fedha aahirishe ukaguzi wake, hakuahirisha. Yeye na wasaidizi wake walifanya kazi usiku wakipekua maandishi ya leja, kisha akayapeleka matokeo kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi na kwa mkaguzi wa nje. Mwezi Juni 2002 kampuni ilitangaza kwamba gharama za dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa kama mali.

Ripoti ya mwaka 2024 ya chama cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, inaonyesha kwamba asilimia 43 ya visa vilivyochunguzwa viligunduliwa kwa taarifa za watu, na zaidi ya nusu ya watu hao walikuwa wafanyakazi. Njia hii basi inafanya kazi. Hata hivyo nambari ya simu ya maadili iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mwajiriwa isikupumbaze. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilipotozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 kwa akaunti zilizofunguliwa bila ridhaa ya wateja, ilikuwa tayari imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300, wengi wao wa ngazi za chini, na miongoni mwa waliokuwa wafanyakazi walijitokeza waliodai kwamba waliachishwa kazi baada ya kupiga simu hiyohiyo. Kabla ya kuitumia, uliza inaendeshwa na nani, na taarifa hufika kwa nani kwanza.

Je, utaje jina? Kutokutaja hukupa utulivu wa muda, lakini hukunyima nafasi ya kuulizwa maswali, na katika idara ya watu sita mwandishi hujulikana kwa mtindo wake tu. Tena, kutokutaja si ngome. Mwaka 2016 Jes Staley, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Barclays, alijaribu kumtambua mwandishi wa barua isiyo na jina iliyomlalamikia mtu aliyeajiriwa na benki, akakitumia kitengo cha usalama cha benki kwa kazi hiyo. Wadhibiti wa Uingereza walimtoza faini ya pauni 642,430 mwaka 2018, naye akabaki kazini. Kwa maoni yangu, jina litajwe ikiwa unakwenda kwa kamati ya bodi na umeshaonana na wakili. Lisitajwe ikiwa huna hakika nani atafungua bahasha.

Taarifa yenyewe iwe ya kurasa mbili. Anza na ile sentensi ya hatua ya kwanza, fuata mfuatano wa tarehe, taja nyaraka zilipo, taja nani mwingine anaweza kuwa anajua, kisha sema ulichokiona kwa macho na ulichosikia tu kwa wengine, kila kimoja mahali pake. Acha kupendekeza adhabu. Omba uthibitisho wa kupokelewa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mwongozo wa kisheria wa mwaka 2019 unataka mtoa taarifa ajulishwe ndani ya siku 7 kwamba taarifa imefika, na apewe mrejesho ndani ya miezi mitatu, na huo ni muda mzuri wa kupimia hata pale ambapo sheria haisemi chochote.

Kuna jambo moja linalobadilisha mpangilio wote. Ikiwa unachokishuku ni utakatishaji wa fedha, njia yako ya kwanza ni afisa aliyeteuliwa kupokea taarifa za miamala yenye shaka, na kama yeye ni sehemu ya tatizo, kitengo cha kitaifa cha kudhibiti fedha haramu. Katika nchi nyingi kumdokeza mteja au mtu mwingine kwamba taarifa imepelekwa ni kosa la jinai lenyewe. Hapa hata kumsimulia mwenzako wa karibu kunaweza kukuponza.

Hatua ya sita: Kwenda kwa mdhibiti

Wakati wa kutoka nje hufika pale uongozi wa juu kabisa unapohusika, pale nyaraka zinapoanza kutoweka, pale wateja wanapoendelea kupoteza fedha, au pale bodi inapokaa kimya kupita muda wa haki. Mdhibiti anaweza kuwa benki kuu, mamlaka ya masoko ya mitaji au mamlaka ya bima, kutegemea leseni ya taasisi yako. Soma leseni hiyo, mara nyingi hutundikwa kwenye ukumbi wa mapokezi.

Mpangilio wa ndani na nje una uzito wa kisheria ambao haufanani kila mahali. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la Digital Realty dhidi ya Somers, kwamba ulinzi wa watoa taarifa chini ya sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 ni wa yule aliyeipelekea taarifa tume ya dhamana na masoko ya hisa (SEC), mdhibiti wa masoko ya mitaji nchini humo. Aliyezungumza ndani tu hakuupata. Sheria hiyohiyo humpa mtoa taarifa kati ya asilimia 10 na 30 ya kinachokusanywa pale adhabu inapozidi dola milioni moja. Nchi nyingine hazitoi zawadi yoyote, na nyingine huutoa ulinzi kwanza kwa anayeanzia ndani. Hili ndilo swali la pili ulilomuuliza wakili.

Vyombo vya habari viwe vya mwisho. Mwandishi wa habari anaweza kulinda jina lako, lakini hawezi kulinda ajira yako, na katika sheria nyingi masharti ya kulindwa ukizungumza na umma ni magumu zaidi kuliko ukizungumza na mdhibiti.

Hatua ya saba: Jiandae kwa kisasi kisicho na sura ya kisasi

Ni nadra kufukuzwa siku inayofuata. Utaondolewa kwenye orodha ya barua pepe za kikao, wateja wako watagawiwa wengine, utahamishiwa "mradi maalumu" usio na kazi, na tathmini yako ya utendaji, iliyokuwa nzuri kwa miaka, itashuka kwa maelezo yasiyoshikika. Kwa hiyo kabla ya kutoa taarifa kusanya nakala za tathmini zako za nyuma, barua za pongezi na mkataba wako wa ajira; hizo ni nyaraka zako mwenyewe na kwa kawaida una haki nazo. Kila badiliko baada ya taarifa liingie kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa kuwa ukaribu wa tarehe hizo mbili ndio humlazimisha mwajiri kueleza.

Fanya kazi yako kwa usahihi kuliko zamani. Usichelewe hata dakika tano, usidai marejesho ya safari yenye risiti pungufu, usitume utani kwenye kundi la ofisi. Inachosha, najua, na kuna usiku utajiuliza kama uliyoyaona uliyaona kweli. Akiba ya matumizi ya miezi sita, kama unaweza kuikusanya kabla ya kusema, itakufaa kuliko ushujaa, na mwenzi wako nyumbani anastahili kujua kwamba kuna jambo zito kazini hata kama maelezo yake hayawezi kumfikia.

Hatua ya nane: Ukiondoka

Wapo wanaobaki na kushinda, lakini wengi huondoka, na kuondoka kwa mpango si kushindwa. Usijiuzulu kwa hasira jioni ya siku mbaya, kwa sababu katika nchi nyingi anayejiuzulu hupoteza baadhi ya madai ambayo aliyeachishwa angekuwa nayo. Barua ya kujiuzulu iwe ya mistari michache, itaje tarehe ya taarifa uliyoitoa, na isiombe radhi kwa chochote.

Kisha italetwa karatasi ya mwisho. Itakuwa na kiasi cha fedha juu yake na, mahali fulani kwenye ukurasa wa tatu au wa nne, kifungu cha usiri. Wilkinson aliondoka Danske mwaka 2014 akiwa amefungwa na makubaliano ya usiri, na ilipofika Novemba 2018, alipoitwa mbele ya bunge la Denmark, mjadala ulikuwa pia juu ya kile alichoruhusiwa kusema. Nchini Marekani, tume ya dhamana na masoko ya hisa iliitoza kampuni ya KBR dola 130,000 mwaka 2015 kwa sababu makubaliano yake ya usiri yaliwatisha wafanyakazi waliohojiwa katika uchunguzi wa ndani wasizungumze bila kibali cha idara ya sheria. Usisaini karatasi hiyo chumbani ulimopewa. Omba siku kadhaa, ipeleke kwa wakili, na umwombe aongeze mstari mmoja unaosema kwamba hakuna neno katika makubaliano hayo linalokuzuia kutoa taarifa au ushahidi kwa mdhibiti, polisi au mahakama. Wakikubali mstari huo, weka sahihi yako chini yake, andika tarehe ya siku hiyo kwa mkono wako mwenyewe, na uchukue nakala kabla hujatoka mlangoni.